Kulala Ufuoni kwa Hiari

Leo nataka tuzungumze juu ya marafiki wa hapa Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika, wanaochanga pesa, wanakodi mtumbwi, wanapakia sufuria, unga, vyandarua na turubai, wanaondoka mjini kwenda kulala usiku mmoja au mbili kwenye mchanga ambako hakuna umeme wala soko, kisha wanarudi. Hawafuati biashara. Hawaendi msibani. Hakuna anayewafukuza.

Najua wazazi wengi hawalipendi jambo hili. Mama anauliza: mtu mwenye kitanda anatafuta nini kwenye mchanga? Baba anauliza pesa ya mafuta imetoka wapi. Mimi nasimama upande wa vijana, na nitasema kwa nini. Ila nina sharti, nalo nitalirudia mpaka mnichoke: ndani ya mtumbwi huo awemo mvuvi, na neno la mvuvi juu ya upepo liwe neno la mwisho.

Kwanza niseme na wazazi, maana hofu yao ina mizizi. Watu wa mji huu wamelala nje sana, na si kwa kupenda. Wakati wa mapigano ya Watwa na Waluba, hasa miaka ya 2016 na 2017, maelfu kwa maelfu ya familia walikimbia vijiji wakaja kujenga vibanda vya nyasi na maturubai pembezoni mwa Kalemie. Februari 2025, Bukavu ilipotekwa, boti zilifika bandarini kwetu kutoka Uvira zimejaa watu waliobeba walichoweza kushika. Kuna watoto hapa ambao turubai wamelijua kama paa la nyumba kabla hawajajua kusoma. Na ukimtajia mzazi safari ya majini, anakumbuka Desemba 2014, meli iitwayo Mutambala ilipopinduka usiku kwenye ziwa hili na kuua watu zaidi ya 100. Ilikuwa imejaa kupita kiasi, na upepo ulikuwa mkali.

Kwa hiyo, mama, sikuambii uache kuogopa. Nakuomba ufikirie jambo hili: mtoto aliyewahi kulala nje kwa kukimbia, anastahili walau mara moja kulala nje kwa kutaka mwenyewe. Awe na marafiki aliowachagua, ajue nani anapika na nani anakesha, ajue siku ya kurudi nyumbani. Kwangu hilo si anasa. Ni kijana kurudishiwa ufuo ambao vita vilimnyang'anya.

Kuna sababu nyingine. Tunaishi kwenye mlango wa ziwa kubwa na hatulijui. Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 na kina chake kinafika mita 1,470. Duniani ni Baikal peke yake lililolizidi kwa kina. Nchi nne zinalichangia. Mito inaingia kutoka pande zote, lakini mto unaotoa maji ni mmoja tu, Lukuga, nao unapita hapa kwetu, tunauvuka kila siku bila kuutazama. Na wengi wetu tunasafirije ziwani? Tunapanda balinyeri jioni, tunajibanza katikati ya magunia ya unga na bidoni za mafuta, tunafunika kichwa, tunafumbua macho asubuhi tumefika Moba. Ufuo wote tumeupita gizani. Mtu anaweza kufanya safari hiyo miaka 20 asiweze kukuambia baada ya rasi hii kuna ghuba gani, na kwenye ghuba hiyo kuna kijiji cha nani.

Waliolitazama ziwa letu kwa nafasi, wakalala kwenye fuo zake na kuandika, ni wageni. Machi 1858 Mwingereza Speke alivuka kwa mtumbwi kutoka upande wa Ujiji akaja mpaka kisiwa cha Kasenge, karibu na ufuo wetu huu. Njiani, kambini, dhoruba ilipiga hema lake. Alipowasha mshumaa, wadudu weusi wakamjaa, mmoja akaingia sikioni na kuanza kuchimba. Akamimina siagi iliyoyeyushwa, haikusaidia. Akatumia kisu kidogo, akamuua mdudu lakini akajijeruhi. Uso ukavimba, akawa hawezi kutafuna, na sikio lilimsumbua miezi mingi. Mvuvi yeyote wa huku angemwambia: usiwashe taa ndani ya mahali unapolala. Taa iweke mbali, wadudu wakaikute huko.

Novemba 1871 Livingstone na Stanley, waliokuwa wamekutana Ujiji muda mfupi tu, waliazima mtumbwi wa Mwarabu mmoja, wakapanda pamoja na wapiga makasia wakaelekea kaskazini. Walitaka kujua kama mto Rusizi unatoa maji ziwani au unayaingiza. Walikuta unaingiza, jambo ambalo wenyeji wa huko walikuwa wakilijua siku zote. Livingstone mwenyewe aliihesabu safari ile kama matembezi ya mapumziko. Usiku mmoja walinzi walilala, wezi wakaingia mtumbwini wakachukua risasi, unga, na sukari yote ya mzee Livingstone. Nawasimulia hili kwa sababu mpaka leo kikundi cha marafiki kikifika ufuoni kimechoka, kinavuta mtumbwi, kinakula, kinalala chote. Hapana. Mmoja akae macho, mwingine ampokee.

Stanley alirudi mwaka 1876 akalizunguka ziwa zima kwa siku 51. Alipofika kwetu, aliukuta mdomo wa Lukuga umezibwa na mafunjo na matope, maji hayatoki vizuri, ingawa Cameron, aliyepita miaka miwili kabla, alikuwa ameuita njia ya ziwa ya kutolea maji. Wakabishana sana huko Ulaya. Haikupita miaka mingi ziwa likajaa, likasukuma kile kizibo, na mwaka 1879 waliopita hapa waliona Lukuga unakwenda kwa nguvu. Wazee wa Waholoholo hawakuhitaji kitabu kwa hilo. Mto huu huziba na kuzibuka.

Na katika safari zote hizo, mgeni ndiye aliyeandika, lakini saa ya kuondoka haikuwa yake peke yake. Wapiga makasia walitazama maji, wakakubali au wakakataa. Wengi wao majina yao hayamo vitabuni. Elimu yao imo, na bado ipo hai, kwenye vichwa vya wavuvi wetu wanaokaa pale kwenye mchanga wakishona nyavu. Kijana atakayesafiri na mvuvi anakwenda kwenye shule hiyo.

Basi tuzungumze juu ya upepo, maana hapo ndipo uhai ulipo.

Usiku, nchi kavu na milima hupoa upesi kuliko maji. Hewa baridi huteremka kutoka milimani kwenda ziwani. Kwetu, upande wa magharibi, upepo huo unatoka mgongoni mwa ufuo, kwa hiyo maji ya karibu na nchi hukaa yametulia. Jua likipanda, mambo yanageuka: nchi inapata joto, hewa inaanza kuvutwa kutoka ziwani kuja nchi kavu, na mawimbi yanaanza kuja ufuoni. Ndiyo maana mvuvi anaondoka alfajiri, na saa nne asubuhi anataka awe ameshafika anakokwenda. Vijana wa mjini wanakutana bandarini saa tatu, mmoja anasubiri mkate, mwingine simu yake inachajiwa, wanaondoka saa sita jua la utosi. Wamechagua saa mbaya kuliko zote.

Hali hiyo inazidi wakati wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Agosti au Septemba. Miezi hiyo upepo wa kusini mashariki unavuma siku nyingi mfululizo. Ziwa letu limelala kutoka kusini kwenda kaskazini, ni refu na limebanwa na milima pande mbili, hivyo upepo unakimbia juu ya maji mamia ya kilomita bila kuzuiwa na kitu, unakusanya mawimbi na kuyaleta. Mtu akitazama anga anaona buluu safi, hakuna wingu, anasema leo ni siku nzuri. Anga haina habari ya maji. Katika kiangazi kutua ufuoni ndiko kunakoua: mtumbwi umefika, watu wanaona nchi, wote wanasimama kwa furaha, wimbi la nyuma linaugeuza ubavu, wanamwagika pamoja na vitu vyao. Tulieni mmekaa. Nahodha aushikilie mtumbwi omo likitazama nchi, asubiri mawimbi makubwa yapite, kisha akitoa amri wawili wa mbele waruke na kuvuta, wengine wabaki wamekaa.

Masika ni hatari ya namna nyingine. Kuanzia Oktoba mpaka Aprili hivi, ziwa linaweza kuwa shwari kabisa, halafu wingu jeusi likatokea nyuma ya milima, na kabla hujamaliza kumwaga maji yaliyo mtumbwini dhoruba imefika, na radi juu yake. Ndiyo maana safari ya marafiki isikatishe ziwa. Ifuate ufuo, karibu kiasi cha kuweza kuogelea mpaka nchi kavu, na mvuvi akisema tutue, mnatua hapo hapo hata kama ni kwenye mawe na mbu. Jile ya kuokolea ivaliwe mwilini. Ile inayokaliwa kama mto wa kiti haitamwokoa mtu. Asiyekuwa na jile abaki nyumbani, hata akiwa ndiye aliyetoa pesa nyingi kuliko wenzake.

Sasa, mvuvi atapatikana lini, naye ana kazi yake? Wavuvi wa ndakala hufanya kazi usiku wa giza. Wanawasha taa juu ya maji, samaki wanafuata mwanga, wavu unapandishwa. Ukisimama juu ya kilima cha Kalemie usiku kama huo, ziwa linaonekana kama mji wa pili uliowashwa mbele ya mji wetu. Lakini mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa haushindi mwanga wa mbalamwezi, samaki hawakusanyiki, na wavuvi wengi wanapumzika siku kadhaa, wanashona nyavu na kuziba mitumbwi. Hizo ndizo siku za marafiki. Mvuvi ana nafasi, mtumbwi upo, kipato chake kimepungua na malipo yenu yatamfaa, na nanyi mnapata usiku ambao mtu anaona jiwe, mti na nyoka bila tochi. Jaribuni kupanga safari kwa mwezi huo wa angani badala ya tarehe za likizo, mtaona tofauti.

Mwende wapi? Kaskazini kuna Mtoa, ilipokuwa bandari ya misafara iliyovuka kutoka Ujiji, na visiwa vya Kavala, ambako wamisionari wa London waliweka kituo chao cha mitumbwi na meli katika miaka ya 1880. Kusini, njia ya Moba, kuna Mpala, kituo kilichojengwa na Mbelgiji Storms mwaka 1883 na kukabidhiwa kwa Mapadri Weupe miaka miwili baadaye. Mpala inahitaji siku zaidi, na kijana anayekwenda huko ajue pia kwamba wapiganaji wa Storms huyo walimuua chifu Lusinga na kichwa chake kikapelekwa Ubelgiji. Ni vizuri kulala mahali ukijua yaliyopita hapo. Ng'ambo, upande wa Tanzania, kuna milima ya Mahale. Itazameni kutoka huku, msiifuate. Na upande wetu, kaskazini zaidi, kuna misitu ya Kabobo, iliyotangazwa kuwa hifadhi mwaka 2016, yenye sokwe, na mbega wa aina isiyopatikana kwingine. Natamani siku moja watoto wetu wapande huko. Kwa sasa, kabla ya safari yoyote ya kaskazini, ulizeni kwanza jeshi la maji na watu waliotoka huko wiki hiyo hiyo. Wakisema hapana, Kavala itawangojea.

Popote mtakapotua, ufuo una mwenyewe. Hata mahali pasipo na nyumba pana shefu, na mtu wa kwanza kuonana naye ni huyo, kabla hamjashusha sufuria. Mnajitaja, mnasema mnalala siku ngapi, mnampa chumvi au sabuni kwa heshima, si kwa kumhonga. Kijiji ambacho kimewahi kuvamiwa usiku hakipendi kuona moto wa watu kisiowajua. Mkishasalimiana, kijiji kizima kinakuwa mlinzi wenu, na mara nyingi kuna mama atakayewaletea sombe.

Mtaambiwa pia mahali pasipokaliwa. Watabwa wana imani ya ngulu, mizimu ya mahali, inayokaa kwenye rasi, mapango na miti mikubwa. Ng'ambo, kwenye rasi ya Kabogo, zamani waliopita kwa mtumbwi walitupa shanga na vitambaa majini kabla ya kupita. Nimesikia vijana wakicheka habari hizi, na sikubaliani nao. Rasi ndipo upepo wa pande mbili unapokutana na mawimbi yanapogongana. Mtu aliyefundishwa kunyamaza na kupunguza mwendo kila akikaribia rasi, amefundishwa pia kutazama maji. Mzee akikuambia hapa hapalaliwi, songa mbele.

Kambi iwe mbali na midomo ya mito na majani marefu, kwa sababu ya mamba na viboko. Kiboko hutoka majini usiku kwenda kula, na akiikuta njia yake imezibwa na hema hazunguki. Kwenye mawe mtaona labda yule nyoka wa maji wa ziwa letu, swila anayekula samaki. Ana sumu lakini hana haja nanyi. Msimchokoze kwa fimbo ili mpige picha. Na msiamini ufuo mliosimuliwa na kaka zenu. Tangu 2020 ziwa limepanda sana, na mwaka 2024 lilimeza nyumba na barabara kuanzia Bujumbura na Uvira mpaka hapa kwetu. Michanga mingi iliyolaliwa zamani sasa iko chini ya maji. Mtumbwi uvuteni juu, mwufunge kwenye mti, na msilale palipo na unyevu.

Nafika kwenye maji ya kunywa, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Kalemie inajulikana na waganga wa nchi nyingi kwa sababu moja ya kusikitisha: kipindupindu hakijawahi kutuacha kwa muda mrefu. Kinatembea na watu wa ziwa, kutoka kambi moja ya wavuvi kwenda nyingine, kwa kuwa watu wanajisaidia kando ya maji na wanachota hapo hapo. Maji ya Tanganyika ni maangavu mpaka unaona kokoto chini, nayo yanadanganya. Chemsheni yote, hata ya kupigia mswaki, au tieni dawa ya klorini. Chimbeni shimo mbali na ufuo, juu, nyuma ya kambi, na mlifukie mnapoondoka. Nawaeni kwa sabuni kabla ya kukanda bukari. Mkiumwa tumbo mfululizo, safari imekwisha. Mnarudi mjini siku hiyo hiyo. Kikundi cha marafiki kinachoacha ugonjwa kwenye kijiji kilichokipokea kimefanya dhuluma kubwa.

Chakula hakina maneno mengi. Unga wa mihogo, chumvi, pilipili, mafuta kidogo. Mikebuka mtanunua kwa wavuvi asubuhi, mtabanika kwa kuni zilizoletwa na maji. Pombe isipande mtumbwini hata chupa moja.

Na wasichana je? Hili naulizwa kila mara. Waende. Kwenye fuo zetu akina mama ndio wanaonunua samaki majini bado kukiwa giza, wanasafiri nao, wanalala sokoni Kabalo na kwingine. Hakuna anayesema ziwa si lao. Waende wenyewe kwa wenyewe, au na kaka na mashangazi, wawe na turubai lao, na mvuvi awe mtu anayejulikana nyumbani kwao. Mzazi amwone uso kwa uso, amwachie namba ya simu, akubaliane naye siku ya kurudi na jambo la kufanya kama siku hiyo ikipita.

Maneno yangu ya mwisho ni kwako mvuvi, uliyeweka redio juu ya wavu hapo ufuoni. Vijana watakuja kwako na haraka zao. Watoze bei ya haki, bei ile ile uliyosema kabla hawajapakia. Kataa wakizidi idadi ambayo mtumbwi wako unabeba, hata yule wa ziada akiwa mtoto wa mkubwa fulani. Wafundishe kufua maji na kupiga kasia, usiwaache wakae tu kama mizigo, maana injini ikizima mtahitaji mikono yote. Na asubuhi ukiona ziwa limebadilika, waambie leo hatuondoki, wapike chai, tutajaribu kesho kabla jua halijatoka. Watanung'unika. Mmoja atasema Jumatatu ana mtihani. Mwache aseme, wewe endelea kutazama maji.